Sifuri Isiyodhuru

Saa nne za usiku, ofisini tumebaki wawili, na mwenzangu alikuwa ameshakata shauri: "Kaka, hii kadi imeoza. Tuagize nyingine." Kwenye skrini, tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, ilikuwa inashusha mistari, na kila pakiti iliyotoka kwenye seva yetu ilibeba lawama ileile mwishoni: cheksamu si sahihi. Si moja moja, zote. Zilizoingia zilikuwa safi, zilizotoka zote mbovu. Cha ajabu, kurasa zilifunguka, mafaili yalivuka, na upande wa pili hakuna aliyelalamika.

Ningependa kusema nilijua jibu. Sikujua. Tulibadilisha waya, tukabadilisha tundu la swichi, tukawasha upya mashine ambayo haikuwa na kosa lolote. Kilichotuokoa ni amri fupi, ethtool -k, inayoorodhesha kazi ambazo kadi ya mtandao imesema inaziweza. Karibu na juu kabisa palikuwa na mstari unaoeleza kwamba cheksamu ya pakiti zinazotoka inakokotolewa na kadi, na kwamba kazi hiyo imewashwa. Kumbe kerneli, kiini cha mfumo wetu wa Linux, haikukosea. Iliacha baiti mbili ndani ya pakiti bila kuzikamilisha, ikaiachia kadi imalizie njiani, na tcpdump ikachungulia pakiti kabla haijafika kwenye kadi. Tulikuwa tunamlaumu fundi cherehani kwa shati lisilo na vifungo, na shati lenyewe bado liko mezani kwake. (Tatizo letu la kweli lilikuwa njia ya mtandao iliyoandikwa vibaya, na aliyeiandika ni mimi.)

Tangu usiku huo nimekuwa mtu wa kusoma orodha ile kama wengine wanavyosoma majina ya kanga. Maneno machache, lakini unaona kabisa kwamba kuna mtu ameyakalia chini akayafikiria. Nyuma ya kila mstari kuna biti moja ndani ya kerneli, sifuri au moja, ambayo waandishi wa draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, huiita bendera. Bendera ikipanda, kifaa kimesema: kazi hii naiweza, niachie. Ikishuka, kerneli inaifanya yenyewe. Kwa haraka haraka utauliza, biti moja ina ufundi gani? Mtu anabuni jina, anachagua namba, amemaliza kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba namba hiyo ikishafika kwenye mashine za watu hairudi tena. Miaka kumi na tano baadaye atakuwepo mtu anayeendesha draiva ya zamani juu ya kifaa kipya, na mwingine anayeendesha draiva mpya juu ya kifaa cha zamani, na wote wawili hawatakuwa na namna ya kukuuliza ulimaanisha nini. Ahadi ni deni, na hili ni deni la kurithiwa.

Njia ya kivivu ya kujua kifaa kinaweza nini ni kuangalia jina lake. Modeli hii inajua, ile haijui, andika jedwali, endelea na safari. Draiva nyingi za siku nyingi zina jedwali la namna hiyo mahali fulani, na mengi yalizaliwa kwa machungu: kifaa kilisema kinaweza, kikaaminiwa, kikaharibu. Linux ina faili zima, drivers/pci/quirks.c, lenye maelfu ya mistari ya vituko vya vifaa vya PCI, yaani mfumo wa kuunganisha kadi na kompyuta. Silidharau, ni kumbukumbu ya usiku mwingi kama ule wetu. Lakini huwezi kujenga nyumba juu ya jedwali la majina, kwa sababu jedwali halikijui kifaa kitakachotoka mwakani.

Waliobuni PCI walilijua hilo. Kifaa chenyewe hujieleza: ndani ya eneo lake la usanidi, kwenye baiti ya 52, kuna namba inayoonyesha ulipo uwezo wake wa kwanza. Ukifika hapo unakuta namba ya uwezo huo, na pembeni yake mahali ulipo unaofuata, hivyo hivyo mpaka ukutane na sifuri. Draiva ikikuta namba isiyoijua, inairuka na kusonga mbele bila kupiga kelele. Adabu yote ni hiyo tu. Na kwa adabu hiyo kerneli ya zamani inaweza kupita kwenye orodha ya kifaa kilichotengenezwa baada yake bila kujikwaa.

Lakini ukitaka kunikuta nimekaa, nimeshika tama, nikistaajabu, nitafute kwenye virtio. Hii ni kanuni ya vifaa visivyokuwepo: kadi za mtandao na diski za kubuni ambazo mashine pepe, yaani kompyuta iliyoigizwa ndani ya nyingine, huziona kana kwamba zimechomekwa. Aliyeianzisha ni Rusty Russell, mwandishi wa kerneli kutoka Australia, na iliingia kwenye Linux 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. Wakati huo kila mfumo wa kuendesha mashine pepe ulikuwa na vifaa vyake na draiva zake, na kila mmoja alikuwa anatatua upya shida ambayo jirani yake ameshaitatua. Leo ukikodi seva ndogo huko mawinguni, kuna uwezekano mkubwa kwamba kadi yake ya mtandao ni ya virtio.

Lugha ya fani hii, kwa bahati, inaingia Kiswahili bila kuvunjika mfupa. Mashine halisi ni mwenyeji, mashine pepe ni mgeni. Mwenyeji anatandika mkeka na kupanga sinia: hii ni cheksamu, hii ni kukatakata pakiti kubwa, hii ni anwani ya kadi, hizi ni bafa za kuunganishwa. Kila sinia ni biti moja yenye namba yake. Mgeni anachagua anavyoweza kula. Ruhusa ya kuacha anayo, ruhusa ya kuagiza kisichokuwa mkekani hana. Wakishakubaliana, kazi inaanza, na makubaliano hayo hayaguswi tena mpaka kifaa kianzishwe upya.

Yatazame mapatano hayo hatua kwa hatua, maana hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Kuna sehemu moja ndogo ya hali, na ndani yake mgeni anaongeza namba kadiri anavyosogea. Anaandika 1: nimekuona. Anaongeza 2: na draiva yako ninayo. Jumla 3. Anasoma sinia zilizopangwa, anaandika alizochagua, kisha anaongeza 8: nimemaliza kuchagua. Jumla 11. Hapo haendi mbele. Anasoma tena namba ileile aliyoiandika mwenyewe sekunde iliyopita. Kama 8 bado ipo, mwenyeji amekubali. Kama imetoweka, mwenyeji amekataa mchanganyiko huo, na amekataa bila kufoka, kama mtu anayerudisha sahani jikoni kimya kimya. Mambo yakienda sawa, mgeni anamalizia mambo yake na kuongeza 4: niko tayari. Jumla 15, na pakiti zinaanza kupita.

Utajiuliza kwa nini 8 inatangulia 4. Ni kovu. Hapo mwanzo hatua ya 8 haikuwepo: mgeni alichagua, akasema yuko tayari, na mwenyeji hakuwa na mahali rasmi pa kusema "hapana, hivi viwili haviendi pamoja". Toleo la 1.0 la virtio, lililochapishwa na shirika la OASIS, liliongeza hatua hiyo. Namba 4 ilikuwa imeshachukuliwa na haikuweza kuhamishwa, basi hatua yenye namba kubwa ikapewa nafasi mbele ya yenye namba ndogo. Wangeweza kupanga upya namba zote zipendeze macho. Wakaacha kovu lionekane, mashine za zamani zikaendelea kuishi.

Kuna vionjo viwili vya aina hiyo ambavyo huwa nawasimulia vijana wanaojifunza kazi, na kwa kawaida ndipo wanapoacha simu na kunisikiliza. Cha kwanza ni biti ya 30. Draiva za majaribio za siku za mwanzo hazikufanya mapatano ipasavyo. Basi QEMU, programu maarufu ya upande wa mwenyeji, ikaweka biti ya 30 mkekani pamoja na nyingine, na biti hiyo haikuwa na maana yoyote. Draiva yenye akili timamu haina sababu ya kuichukua, kwa kuwa haiijui. Atakayeichukua amejifichua: haangalii anachokula. Ni tunda la plastiki katikati ya sinia la matunda.

Cha pili ni biti ya 32. Kanuni ya zamani ilikuwa na nafasi ya biti 32 tu, zikihesabiwa kutoka 0 hadi 31. Toleo la 1.0 lilipobadilisha mambo mengi, lilihitaji bendera ya kusema "mimi nafuata kanuni mpya". Wakaiweka kwenye 32, hatua moja nje ya uzio. Draiva ya zamani haiwezi kuikubali kwa bahati mbaya, kwa sababu mkono wake haufiki huko. Hakuna aliyehitaji kuandika onyo.

Sasa sinia lenyewe. Chukua biti ya 0, ya cheksamu, ileile iliyotulaza ofisini. Cheksamu ni jumla fupi ya baiti za pakiti, ambayo mpokeaji huikokotoa upya ili ajue kama kuna kilichoharibika njiani. Mgeni akiwa amekubaliwa kumwachia mwenyeji kazi hiyo, haandiki tu "nifanyie cheksamu". Mbele ya kila pakiti kuna kichwa kidogo cha virtio, na ndani yake anaandika namba mbili: anzia wapi kujumlisha, na jibu liandikwe wapi. Kwa pakiti ya kawaida ya TCP juu ya IPv4, kichwa cha Ethernet kinakula baiti 14 na cha IP baiti 20, hivyo kujumlisha kunaanzia 34. Cheksamu ya TCP inakaa baiti 16 ndani ya kichwa cha TCP, hivyo jibu linaandikwa mahali pa 50. Mwenyeji hahitaji kujua kwamba hiyo ni TCP. Anajumlisha kuanzia 34 mpaka mwisho wa pakiti, anaandika kwenye 50, amemaliza. Kesho ikija itifaki mpya yenye cheksamu ya aina hiyohiyo, bendera ya 2008 itaihudumia bila kubadilishwa hata biti.

Linganisha na bendera mbili za kadi halisi kwenye Linux, moja ikisema "najua cheksamu ya TCP na UDP kwenye IPv4", nyingine ikisema hivyo kwa IPv6. Zilieleweka, zilifaa, zilisambaa. Lakini zinataja majina ya pakiti badala ya kutaja kazi. Pakiti ikifungwa ndani ya pakiti nyingine, kama inavyotokea kila siku kwenye mitandao ya handaki, ahadi inaanza kuleta ubishi: ulisema IPv4, ulimaanisha ya nje au ya ndani? Maelezo ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe sasa yanawasihi waandishi wa draiva waziache hizo mbili na watumie ile ya jumla, yenye mtindo wa "anzia hapa, andika pale". Mwenye kubuni bendera ya jumla hulipia mwanzoni, kwa kuumiza kichwa. Anayebuni ya jina atalipa baadaye, na mara nyingi atakayelipa si yeye.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague kitu kimoja kinachotenganisha bendera nzuri na mbaya, sitataja ujumla. Nitataja sifuri. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao lilibeba maana ya utupu. Kwenye fani hii utupu ndio hali ya kawaida: draiva ya zamani isiyoijua bendera yako itaiacha sifuri, kifaa cha zamani kisichoijua kitaiacha sifuri. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi, kabla hata ya jina, linapaswa kuwa: mtu asiyejua kwamba bendera hii ipo, atapata nini? Kama jibu ni "atafanya kazi vilevile, polepole kidogo", endelea. Kama jibu ni "atavuruga kumbukumbu za mashine", weka kalamu chini.

Virtio yenyewe iliwahi kuteleza hapa, na ni mtelezo unaofundisha kuliko mafanikio yake mengi. Kuna kifaa chake kinachoitwa puto. Mwenyeji akiishiwa na kumbukumbu, anamwomba mgeni amwazime, na mgeni anaweka kurasa fulani za kumbukumbu ndani ya puto, yaani anaahidi kutozigusa. Baadaye mgeni anazihitaji tena. Je, ni lazima amwambie mwenyeji kabla ya kuzitumia, au azichukue tu? Bendera ya kwanza kabisa ya kifaa hicho, biti ya 0, inasema: ni lazima uniambie kwanza.

Isome taratibu uone kasoro. Bendera nyingine zote zinasema "ukitaka, unaweza". Hii inasema "usithubutu". Mgeni wa kale asiyeijua ataiacha sifuri, na sifuri yake itamaanisha "nitachukua bila kuuliza", jambo lilelile ambalo mwenyeji alikuwa analiogopa. Anayehitaji ulinzi hawezi kuupata kutoka kwa asiyemjua. Ingegeuzwa kidogo tu, ikasema "una ruhusa ya kuchukua bila kuniambia", asiyeijua angeendelea kubisha hodi na kila mtu angelala salama. Toleo la 1.0 liliziba ufa kadiri lilivyoweza: mgeni akiikataa, mwenyeji anaruhusiwa kuifuta ile 8 na kukatisha mapatano. Draiva ya Linux nayo imechagua njia ya mtu mstaarabu, inataarifu kwanza kila mara, bendera iwepo isiwepo. Neno "lazima" ndani ya jina la bendera limenifanya tangu hapo niinue nyusi popote ninapolikuta.

Upande wa kadi halisi, kazi ninayoitazama kwa wivu ni ya Michał Mirosław, aliyepanga upya bendera za mtandao za Linux mwaka 2011. Kabla yake, kila draiva ilikuwa na vijikazi vyake vya kuwasha na kuzima kila kitu, na kila moja ilikumbuka au kusahau masharti kwa namna yake. Masharti yapo mengi. Kadi haiwezi kukatakata pakiti kubwa kama haiwezi kuokota vipande vyake kutoka sehemu mbalimbali za kumbukumbu, na haiwezi kukatakata kama haikokotoi cheksamu, kwa sababu kila kipande kipya kinahitaji cheksamu yake. Ukizima moja, nyingine zinaanguka.

Alichofanya ni kutenganisha mambo matatu ambayo wengi wetu tungeyaweka kwenye biti moja: kadi inaruhusu nini kibadilishwe, mtumiaji anataka nini, na sasa hivi kinachofanya kazi ni kipi. Ni lile la katikati linalonipendeza. Tuseme umewasha kukatakata, kisha ukazima cheksamu kwa sababu zako. Kukatakata kunaanguka. Ethtool haikufichi: inaandika kwamba kumezimwa, na kwenye mabano pembeni inaongeza kwamba uliomba kuwashwe. Ukirudisha cheksamu, kukatakata kunarudi kwenyewe. Kerneli haikulisahau ombi lako, ilishindwa kulitimiza kwa muda. Ni watu wangapi kazini kwako wana kumbukumbu ya namna hiyo?

Akatenganisha pia kufikiri na kutenda. Draiva inaulizwa kwanza: kwa hali uliyo nayo sasa, seti hii inawezekana, au kuna vya kutoa? Katika swali hilo hairuhusiwi kugusa kadi wala kubadilisha chochote ndani yake, na inaweza kuulizwa mara nyingi kabla ya jambo lolote kufanyika. Ndipo inapokuja amri ya pili: haya, tekeleza.

Tazama draiva ya r8169, ya kadi za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za kawaida. Kadi hizi zinapokatakata pakiti, huandikiwa ukubwa wa kipande kwenye nafasi ya biti 11, kwa hiyo haziwezi kuelewa namba kubwa kuliko 2047. Mtumiaji akipandisha ukubwa wa pakiti za mtandao wake kupita hapo, draiva inajibu swali lile la kwanza kwa mistari miwili ya msimbo: kama ukubwa umepita kikomo, toa kukatakata. Hakuna kosa linalorushwa, hakuna anayekatiwa mtandao. Mtumiaji akirudi kwenye 1500, kukatakata nako kunarudi. Na faida yenyewe si ndogo: kwa pakiti za 1500, kipande kimoja hubeba kwa kawaida baiti 1448 za data, hivyo kerneli inayoikabidhi kadi bunda la kilobaiti 64 inajiepusha kutengeneza pakiti arobaini na kitu kwa mkono wake.

Sitaki udhani kwamba bendera ikiundwa vizuri basi dunia nzima imetulia. Wenyeji na wageni wa virtio walipatana vizuri kabisa kwamba pakiti zinazopita kati yao ndani ya mashine moja zisisumbuliwe na cheksamu, kwani hakuna waya wa kuziharibu. Safi. Ila baadhi ya programu za DHCP ndani ya mgeni, zile zinazoomba anwani ya mtandao, zilikuwa zinasoma pakiti mbichi bila kupitia kerneli, na hazikuwa na habari za mapatano hayo. Zikakokotoa cheksamu, zikaona haifanani, zikatupa jibu. Mgeni akakaa bila anwani, na kila mmoja akiapa kwamba yeye hakukosea. Ikabidi mwaka 2010 iongezwe kanuni ya iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, ambayo kazi yake ni kujaza cheksamu iliyoachwa kwa makusudi. Mapatano ya wawili yalimpita wa tatu aliyekuwa amekaa dirishani.

Nafasi nazo huisha. Bendera za mtandao za Linux zilikaa kwenye namba ya biti 32, zikahamia kwenye ya 64, na hiyo nayo ikaanza kujaa. Mwaka 2024 walifanya usafi wa aina ninayoipenda: walipekua orodha na kuhamisha zile ambazo hazikuwa uwezo wa kadi hata kidogo, kama ile iliyosema tu kwamba draiva hujifungia milango yake yenyewe wakati wa kutuma. Ilikuwa imeketi kwenye kiti cha uwezo kwa miaka mingi, kwa sababu kiti kilikuwa wazi.

Juzi nilikuwa na saa moja ya bure, nikawasha mashine pepe kwenye QEMU na kumnyima mgeni karibu kila kitu. Bila cheksamu, bila kukatakata, bila bafa za kuunganishwa. Kila kimoja unakizima kwa neno fupi kwenye mstari wa amri, na mkeka unabaki na maji na kikombe. Aliwaka. Nilifungua faili la features lililo chini ya /sys/bus/virtio/devices, ambalo huonyesha mapatano kama mstari mrefu wa sifuri na moja, biti ya 0 ikiwa kushoto kabisa. Sifuri, sifuri, sifuri, moja ya upweke hapa na pale, na biti ya 32, ambayo ni ya 33 kwenye mstari kwa kuwa hesabu inaanzia 0, imesimama mahali pake nje ya uzio wa zamani. Faili la hali lilionyesha f, ambayo ndiyo 15. Nilimtuma avute faili kubwa, akalivuta, jasho likimtoka kwenye prosesa.

Kisha tcpdump. Mistari ikashuka, na kwa kila pakiti iliyotoka, cheksamu sahihi, sahihi, sahihi, maana safari hii hakukuwa na fundi wa kumwachia vifungo. Nikazima, nikamrudishia sinia zake zote, nikawasha tena. Si sahihi, si sahihi, si sahihi, na faili likavuka upesi.

Nikapiga picha skrini zote mbili nikamtumia mwenzangu wa usiku ule, ambaye siku hizi yuko kampuni nyingine. Akajibu baada ya dakika mbili: "Kwa hiyo kaka, ipi ndiyo iliyooza?"